Kupiga Simu kwa Waifai Chini ya Ardhi London: Tathmini ya Mtumiaji kutoka Rungwe

Novemba na Desemba 2018 nilikaa London wiki saba kwa mafunzo ya kikazi, nikilala kwa dada yangu mkubwa huko Walthamstow na kusoma karibu na kituo cha Warren Street. Vituo hivyo viwili viko kwenye njia moja ya treni za chini ya ardhi, njia ya Victoria, kwa hiyo safari yangu ya kila asubuhi na kila jioni ilianzia chini na kuishia chini. Wakati huohuo mama yetu, aliyeko kijijini upande wa Katumba, wilayani Rungwe, alikuwa anasubiri kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na hapakupita siku bila kuwa na jambo la kumuuliza au la kumtuliza. Huduma ninayoieleza hapa, yaani kupiga simu ya kawaida kwa kutumia waifai ya vituo vya treni, niliitumia kwa shida ya kweli. Ninaiandikia tathmini kwa sababu watu wa kwetu wanaokwenda Uingereza kusoma, kutibiwa au kuwaona watoto wao huondoka Mbeya wakiwa wameambiwa kwamba chini ya ardhi simu inapatikana, bila kuambiwa inapatikana sehemu gani hasa.

Nianze na jambo ambalo hata mimi sikulielewa vizuri. Huku kwetu mtu akisema amepiga simu kwa waifai, kila mmoja anaelewa WhatsApp, nayo WhatsApp ni huduma nzuri ikiwa pande zote mbili zina simu janja, bando na mtandao unaoshika. Mama hana hata kimoja kati ya hivyo. Simu yake ni kitochi chenye vitufe vilivyofutika namba, ambacho hukining'iniza kwa kamba kwenye msumari wa dirisha la jikoni, kwa sababu katika nyumba ile ya matofali ya kuchoma, iliyoko bondeni katikati ya migomba na miparachichi, hapo dirishani ndipo mtandao unaposhika. Ukikipeleka sebuleni, mistari yote inapotea. Simu kwa waifai ninayoizungumzia haimdai mpokeaji chochote. Ni upande wa mpigaji tu ambao sauti hupita kwenye waifai, kisha ikishafika kwenye mitambo ya kampuni yake ya simu inaendelea kama simu nyingine yoyote, hadi kitochi cha mama kinalia pale kwenye msumari na yeye anabonyeza kitufe kilekile alichokizoea. Kwangu mimi hii ndiyo sifa kubwa ya huduma hii, na inatosha kuifanya itofautiane na programu zote za kupigia simu ambazo vijana wetu hupakua.

Namna inavyofanya kazi si siri. Simu ikiona waifai inayofaa, inajenga kupitia intaneti njia iliyofungwa kwa usimbaji, yaani sauti hugeuzwa kuwa msimbo ambao mwingine hawezi kuusoma, mpaka kwenye mitambo ya kampuni ya simu, inajitambulisha kwa laini iliyomo ndani yake, na kuanzia hapo kampuni inaichukulia kana kwamba imeshika mnara wake. Namba inabaki ileile, orodha ya majina inabaki ileile, na hakuna programu ya kufungua. Unapiga kwa kitufe kilekile cha siku zote. Sauti haihitaji intaneti ya kasi kubwa, lakini inahitaji intaneti isiyoyumba, na tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu waifai inayofungua picha bila tatizo inaweza ikashindwa kubeba mazungumzo ya dakika tano. Uingereza, kampuni za EE na Vodafone zilianza kuwapa wateja wao huduma hii mwaka 2015. Waifai yenyewe ilikuwa imetangulia: kampuni ya intaneti ya Virgin Media ilianza kuifunga kwenye vituo vya chini ya ardhi vya London mwaka 2012, kabla ya michezo ya Olimpiki iliyofanyika huko mwaka huo, na miaka iliyofuata ikaenea kwenye vituo zaidi ya 200.

Haja yenyewe ilitokana na ardhi. Njia ya Victoria, iliyoanza kubeba abiria mwaka 1968, ina vituo 16 kutoka Walthamstow Central hadi Brixton, na abiria haoni anga mahali popote kati ya vituo hivyo. Juu ya mahandaki yake kuna mita nyingi za udongo wa mfinyanzi, na kuta zake ni za chuma na zege, kwa hiyo mawimbi ya minara ya barabarani hayafiki. Antena za waifai zimefungwa kwenye dari za majukwaa ya abiria, kwenye korido na kwenye kumbi za tiketi. Ndani ya mahandaki, kati ya kituo na kituo, hazikufungwa. Sentensi hiyo moja ndiyo ambayo sikuambiwa na mtu yeyote, na iliniletea hasara nitakayoieleza.

Kuipata huduma kulinichukua siku nne, na hapa sina sifa za kutoa. Simu niliyotoka nayo nyumbani, niliyoinunua Mwanjelwa mwaka mmoja kabla, haikuwa na kipengele hicho kabisa kwenye mipangilio yake, kwa sababu kwa simu nyingi kipengele hicho huonekana tu pale ambapo programu ya simu imetayarishwa kwa ajili ya kampuni husika ya simu. Laini ya malipo ya kabla niliyouziwa dukani siku ya kwanza nayo haikuruhusiwa. Wakati huo baadhi ya makampuni yaliwapa huduma hii wateja wa mkataba peke yao. Kijana aliyeniuzia alinihakikishia kwamba inafanya kazi kwenye simu zote na laini zote, na nilipomrudia kesho yake na simu mkononi alinielekeza kupiga namba ya huduma kwa wateja, ambako nilisubiri karibu saa nzima nikisikiliza muziki kabla ya kuambiwa kwamba laini yangu haimo. Sikurudishiwa fedha. Mwishowe dada alinitolea kabatini iPhone yake ya zamani, akaniongezea laini kwenye mkataba wake na kampuni nyingine, nikaingia kwenye mipangilio, nikawasha kipengele cha kupiga kwa waifai na kukubali masharti, na ndani ya dakika chache neno la waifai likatokea kando ya jina la kampuni juu ya kioo. Neno hilo ndilo la kulitafuta. Alama ya waifai peke yake haitoshi, kwa sababu inaonyesha kwamba intaneti ipo tu, na simu yako inaweza kuwa na intaneti huku ikishindwa kabisa kupiga.

Kwenye jukwaa la abiria huduma ni nzuri, na ninasema hivyo nikiwa nimeitumia zaidi ya mara thelathini. Madarasa yetu yalikwisha saa kumi na moja na nusu jioni, ambayo ni saa mbili na nusu usiku kwetu, na mama hulala saa tatu. Kwa hiyo nilikuwa na nusu saa tu ya kumpata. Siku za mwanzo nilimpigia nikiwa juu, lakini Euston Road ni barabara ya magari mengi, na kila basi lilipopita mama alinitaka nirudie nilichosema. Chini palikuwa afadhali. Wakati huo, nilipokuwa nikishuka kwa ngazi za umeme za Warren Street, mistari ya mtandao wa kawaida ilipungua moja moja hadi ikaisha katikati ya ngazi, na kabla sijafika chini neno la waifai lilitokea, kwa sababu simu iliunganishwa yenyewe kwa kutumia laini bila kuuliza neno la siri. Usipige ukiwa kwenye ngazi. Ukianza simu juu, mara nyingi itakatika hapo katikati, mahali ambapo mtandao mmoja umeondoka na mwingine haujafika. Shuka hadi jukwaani, nenda kwenye benchi, hakikisha neno umeliona, halafu piga.

Sauti ya mama ilinifikia safi kuliko nilivyowahi kuisikia nikiwa Mbeya mjini, ingawa ilichelewa kidogo, kiasi kwamba tulilazimika kujifunza kusubiriana ili tusiingiliane. Nakumbuka jioni moja ya mwisho wa Novemba, mvua za kwetu zikiwa zimeshaanza, nilisikia matone yakipiga bati la jikoni kwake, moja moja kwanza, kisha mengi kwa pamoja, na sauti ya kuku akifukuzwa mlangoni. Kabla treni haijaingia kituoni huja upepo unaosukumwa na treni yenyewe kutoka handakini, halafu ndipo unasikia ngurumo yake. Mama aliisikia ngurumo hiyo, akaniuliza, "Na huko mvua inanyesha, mwanangu?" Nikamwambia hiyo ni treni, mama, mimi niko chini ya mji. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia nisogee mbali na reli. Mazungumzo hayo yalichukua dakika kumi na moja na hayakukatika hata mara moja.

Ndani ya treni ni habari nyingine, na hapa ndipo ninapomtaka msomaji anisikilize kwa makini. Treni ikiondoka, antena za kituo zinabaki nyuma, na katika sekunde chache sauti inakatika vipande vipande kisha inapotea. Ubaya ni kwamba simu haikatiki papo hapo. Kwa muda fulani kioo kinaendelea kuhesabu sekunde kana kwamba mnazungumza, nawe unaendelea kusema, lakini upande wa pili hakuna anayesikia. Jioni ya Jumanne moja nilikuwa nimechelewa, nikapanda treni huku bado ninazungumza na mama, nikidhani waifai itaendelea nami. Alikuwa ameniuliza kuhusu vidonge vyake vya presha, kama ameze au aache mpaka baada ya upasuaji uliopangwa Ijumaa. Nilimjibu: "Vidonge vya presha usiache, meza kama kawaida." Milango ilikuwa imefungwa na treni ilikuwa inaingia handakini. Alichosikia mama ni "vidonge vya presha usi", basi. Akaelewa kwamba asimeze.

Kesho yake jioni sikumpata, kwa sababu mvua kubwa ilikuwa imekata umeme eneo lote la Katumba na mtandao haukuwepo hadi usiku wa manane kwao. Alhamisi nilimpata, lakini tulizungumzia nauli na nani atamsindikiza, wala hakuna aliyekumbuka vidonge. Ijumaa asubuhi alipopimwa hospitalini presha ilikuwa juu mno, upasuaji ukaahirishwa kwa wiki nzima, na mjomba aliyefunga duka lake ili kumsindikiza akarudi naye nyumbani. Nilipoelezwa na kuulizwa kwa nini nilimkataza mama dawa, nilikaa kitandani kwa dada nikiirudia sentensi yangu neno kwa neno mpaka nikaelewa palipokatikia. Lugha yetu inaweka katazo mwanzoni mwa kitenzi. Likibaki hilo peke yake, agizo la kuendelea linageuka kuwa agizo la kuacha. Tangu siku hiyo, kwenye simu ya aina hii, ninatanguliza la kufanya: "Meza vidonge, mama, kila siku." Na anayepokea maelekezo ya dawa ninamwomba ayarudie kabla sijaaga.

Vilevile niliacha kabisa kuzungumza ndani ya treni. Treni ikisimama kituoni inakaa takriban nusu dakika, na katika muda huo simu inatafuta waifai, inaunganishwa, inajitambulisha kwa kampuni, na inapokuwa tayari milango inafungwa. Ujumbe mfupi unaweza kupenya katika nafasi hiyo, na nilituma mingi kwa mpwa wetu aliyekuwa akimsomea mama, lakini simu ya sauti haiwezi. Kati ya Finsbury Park na Seven Sisters ni zaidi ya kilomita 3 bila kituo, na mle ndani wakati huo hakuna kilichopita hata ujumbe. Asiyekuwa na haraka anapoteza kidogo sana akikaa jukwaani, kwa kuwa saa za msongamano njia ya Victoria hupitisha treni 36 kwa saa, yaani moja kila sekunde 100. Niliziacha treni sita au saba zipite kila jioni nikiwa kwenye benchi la Warren Street, na bado nilifika nyumbani kwa wakati wa chakula.

Kuhusu gharama, wengi wetu tunakosea kwa sababu tumezoea kuona waifai kama kitu cha bure. Kampuni ya simu haiangalii kwamba umepita kwenye waifai. Inakutoza kana kwamba umepiga kupitia mnara wake. Ukiwa London na unampigia mtu wa London, dakika zinatoka kwenye kifurushi chako. Ukimpigia mtu wa Tukuyu, hiyo ni simu ya kimataifa, na kwa bei ya kawaida ya kampuni niliyokuwa nayo, jioni mbili za kwanza ziliongeza kwenye bili ya dada kiasi ambacho ningelipia nauli ya basi kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam na kurudi. Dada hakunilaumu, lakini alinionyesha njia wanayotumia wahamiaji wengi: zipo huduma za kupiga kwanza namba ya kawaida ya London, inayoanza na 020, ambayo inahesabiwa ndani ya kifurushi, kisha unaingiza namba ya Tanzania na kulipa kiasi kidogo kutoka kwenye salio uliloweka huko. Njia hiyo inafanya kazi vizuri kupitia waifai ya kituoni, ila kuunganishwa kunachukua sekunde nyingi zaidi na sauti huchelewa zaidi kidogo. Angalia pia namba unayopewa inaanzaje, maana zipo zinazoanza na 084 au 087 ambazo hazimo kwenye kifurushi na hutozwa ziada.

Wengine wameniuliza kama si hatari kuzungumza mambo ya familia kwenye waifai ya umma. Kwa upande wa teknolojia sina wasiwasi, kwa sababu njia kati ya simu na mitambo ya kampuni imefungwa kwa usimbaji bila kujali waifai ni ya nani. Hatari niliyoiona ni masikio ya watu, kwa kuwa jukwaa lina mwangwi. Mimi nilizungumza Kiswahili na mara nyingine Kinyakyusa, lakini siku moja mzee aliyekaa benchi hilohilo alisubiri nimalize, akanisalimia "Ugonile", akaniambia amemwombea mama apone.

Mambo yamebadilika tangu wakati huo, na tathmini ya haki lazima iyaseme. Mwezi Machi 2020 sehemu ya mashariki ya njia ya Jubilee, kutoka Westminster hadi Canning Town, ilipata mtandao wa 4G ndani ya mahandaki yenyewe, siyo vituoni tu, na kazi ya kufunga mtandao huo kwenye njia nyingine imekuwa ikiendelea kwa awamu. Dada alihamia Stratford, naye hupanda njia hiyo kwenda kazini karibu na London Bridge. Treni yake inapita chini ya mto Thames mara tatu kabla hajafika, na mara zote tatu anaweza kuwa anazungumza na mama bila sauti kuyumba. Lakini amekuta kasoro ambayo sikuitarajia. Treni ikiingia kituoni, simu yake inaiona waifai ya kituo na inataka kuhamia huko, kisha treni ikiondoka inataka kurudi kwenye 4G, na katika kuhamahama huko simu hukatika, jambo ambalo lisingetokea kama ingetulia mahali pamoja. Amezima kipengele cha kupiga kwa waifai anapokuwa kwenye njia hiyo, na tatizo limekwisha. Kwa hiyo ushauri wangu unategemea njia unayopanda. Penye mtandao wa simu handakini, zima waifai na uzungumze safari nzima. Pasipo na mtandao huo, iwashe, na mazungumzo yako yaanzie na kuishia jukwaani.

Jambo moja zaidi kwa wanaokuja likizo. Dada alipokuja nyumbani alitegemea kuwapigia wenzake wa kazini kwa laini yake ya Uingereza kupitia waifai ya nyumba ya wageni pale Tukuyu, ikakataa, kwa sababu kampuni yake inaizuia huduma hii nje ya nchi. Yapo makampuni yanayoiruhusu na kuihesabu simu kama imepigwa ukiwa Uingereza, na kwa mwenye mzazi Rungwe na kazi London, hilo ni jambo la kuuliza kabla ya kusaini mkataba.

Nikitakiwa kutoa alama, kwenye jukwaa la abiria ninaipa huduma hii nne kati ya tano, nikiondoa moja kwa ajili ya usumbufu wa kuipata na kwa wauzaji wasioijua bidhaa wanayoiuza. Ndani ya treni isiyo na mtandao handakini ninaipa moja, kwa ajili ya ule ujumbe mfupi unaopenya. Makosa makubwa ninayaona kwenye maelezo, siyo kwenye mitambo. Matangazo yaliyobandikwa ukutani vituoni yalisema waifai ipo, na ni kweli ilikuwepo, lakini mgeni aliyetoka mahali ambapo treni ni ile ya TAZARA, inayovuka mahandaki kati ya Makambako na Mlimba ambako simu hukaa mfukoni bila mtandao kwa muda mrefu na kila abiria anajua hivyo, hawezi kukisia kwamba huduma inakoma pale jukwaa linapokoma. Mstari mmoja wa maandishi kwenye tangazo lilelile, kwamba simu itakatika treni ikiondoka, ungetosha.

Anayejiandaa kusafiri amwombe ndugu aliyeko huko amtafutie mapema simu na laini zinazokubali, aijaribu huduma nyumbani kwanza kwa kuiweka simu kwenye hali ya ndege na kuwasha waifai peke yake, na akishaona inapiga ndipo aiamini chini ya ardhi. Amweleze pia yule anayempigia. Mama nilimweleza kwamba sauti ikikatika ghafla asidhani nimekasirika, wala asichukue neno la mwisho kuwa ndilo jibu, bali asubiri.

Upasuaji wake ulifanyika wiki moja baadaye kuliko ilivyopangwa, na jicho lilipona. Siku hizi anaisoma mwenyewe namba ya Uingereza, inayoanza na 44, kwenye kioo kidogo cha kitochi kabla ya kupokea. Dada akikatika njiani, mama hakirudishi kitochi kwenye msumari, anakishika mkononi palepale dirishani, na kikilia tena swali lake la kwanza ni, "Umefika kituo gani?"